Helmeti Juu ya Fundo la Rasta

Machi 2019, kwenye kibanda cha kukodisha vifaa vya theluji kisicho mbali na Oslo, kijana mmoja alimzungushia binti yangu wa miaka mitano utepe wa kupimia juu kidogo ya nyusi, akasoma sentimita 52, akamletea helmeti tatu za kujaribu, na hakumruhusu aondoke mpaka alipomwambia atikise kichwa kama mtoto anayekataa uji na kuona kwamba helmeti haichezi. Zamu yangu ilipofika nilimwambia anipe iliyo kubwa kuliko zote. Siku mbili kabla nilikuwa nimesuka rasta nene zinazofika kiunoni, nikazifunga fundo kubwa utosini ili zisinisumbue, na helmeti ya kipimo changu iligoma kupita. Ile kubwa ilipita, ikakaa juu ya fundo kama sufuria juu ya mafiga. Kijana aliitazama, akawa kama anayetaka kusema neno, lakini foleni ilikuwa ndefu nami nilikuwa nimekwisha kuvuta mkanda chini ya kidevu na kuufunga. Saa mbili baadaye nilikuwa nimelala chali kwenye barafu, nikitazama taa za mteremko na kujiuliza kwa nini zimekuwa nyingi hivyo.

Uzembe huo ulikuwa na historia. Nilipokuwa nasoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, nilizoea kushuka stendi ya Msamvu na kuchukua bodaboda hadi kampasi. Dereva alikuwa na helmeti mbili, moja kichwani mwake na nyingine imening'inia kwenye usukani. Hiyo ya pili ilitolewa pale tu trafiki walipoonekana kwa mbali, na hata hapo abiria aliishikilia kichwani kwa mkono bila kufunga mkanda, ambao mara nyingi ulikuwa umekatika zamani. Ilinuka jasho la kila aliyepanda tangu asubuhi, na iliharibu nywele. Nikiiomba kwa sababu ya vumbi, dereva alinijibu, "Dada, hapo tu, hatuendi mbali." Sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kunieleza kwamba kifaa kile kilikuwa na kazi nyingine zaidi ya kumridhisha askari, na fikra hiyo niliibeba ndani ya ndege pamoja na masweta ya mtumba.

Nilifika Norwei Agosti 2011 kusoma shahada ya uzamili katika mji mdogo wa Ås, kusini mwa Oslo, kwenye chuo ambacho kimeshirikiana na Sokoine kwa miongo mingi. Wanorwei wana msemo kwamba wao huzaliwa wakiwa na ski miguuni, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Sisi tuliotoka Morogoro tulizaliwa peku, kwa hiyo wenzangu walinianzisha kwa kitu kinachohitaji makalio tu: sleji, kigari kisicho na magurudumu unachokalia na kuteleza nacho kwenye theluji. Pale juu ya jiji la Oslo ipo njia ya sleji inayoitwa Korketrekkeren, yaani kizibuo cha chupa, kwa jinsi inavyojipinda msituni. Ina urefu wa takriban kilomita mbili, na ukifika chini unapanda treni ya mjini kurudi juu. Tulipokodi sleji tulipewa na helmeti. Niliivaa bila kufunga mkanda, sawasawa na nilivyofundishwa Msamvu, na kwenye kona ya kwanza iliruka ikashuka mlima kabla yangu. Tulicheka sana. Leo nikiikumbuka siku hiyo sicheki kwa sauti ileile.

Sheria ya kumlazimisha mtu mzima kuvaa helmeti mlimani haikuwapo. Kwa watoto, vituo vingi vya ski vimebuni njia ambayo naiona ya busara kuliko faini: mtoto asiyefikisha miaka saba hupanda bure lifti inayowapandisha watu mlimani, kwa sharti kwamba awe amevaa helmeti. Mzazi hahubiriwi, anaonyeshwa tu bei. Wakati huohuo, wale wanaotembea kwa ski ndefu nyembamba msituni, wakiwemo wazee wa miaka themanini, huvaa kofia za sufu tu, na karibu humwoni mwenye helmeti. Mgeni anayeona hayo mawili hushindwa kutofautisha. Nilichukua miaka kadhaa kuelewa kwamba tofauti iko kwenye kasi na ugumu wa ardhi: msituni unakwenda kwa nguvu za mapafu yako kwenye theluji laini zaidi, ilhali kwenye miteremko ya lifti unavutwa na mlima wenyewe, juu ya theluji iliyoshindiliwa na mashine, katikati ya watu wengine wanaovutwa vilevile.

Siku ile ya Machi mfanyakazi mwenzangu alinishawishi niache ski na kujaribu ubao wa theluji, ule mmoja ambao miguu yote miwili hufungwa juu yake na mtu huteremka kiubavu. Anayeanguka kwa ski mbili mara nyingi huona anguko lake likija. Mguu mmoja huenda huku na mwingine kule, naye hukaa chini kwa aibu. Ubao hautoi taarifa. Una ukingo wa chuma pande zote mbili, na kanuni ya kwanza ni kwamba ukingo unaoelekea chini ya mlima usiguse theluji kamwe, kwa sababu ukigusa unanasa, ubao unasimama papo hapo, na mwili unaendelea na safari ukiwa umefungwa miguu. Ukingo wa upande wa visigino ukinasa, mtu huenda chini kinyumenyume kama mgomba uliokatwa, bila nafasi hata ya kutanguliza mkono, na kitu cha kwanza kupigwa baada ya makalio ni kisogo. Wengi wetu wanaoanza, wakiwahi kutanguliza mkono, huvunjika kifundo cha mkono pale penye saa, na wenye akili huvaa vikinga vya mahali hapo. Mimi sikuwahi kutanguliza chochote.

Jua lilikuwa limeyeyusha theluji mchana kutwa, na jioni baridi iliigandisha upya, ikang'aa kama sakafu ya terazo. Nilikuwa kwenye mteremko wa kijani, ule wa wanaojifunza, nikienda polepole kiasi kwamba binti yangu alikuwa amenipita mara mbili. Nilipoanguka, helmeti haikutoka kichwani, maana mkanda ulikuwa umefungwa. Ilichofanya ni kuteleza mbele juu ya lile fundo la nywele mpaka ikanifunika macho, na kisogo kikabaki wazi wakati uleule kilipohitaji kufunikwa. Nilisikia mlio ndani ya kichwa kabla ya kusikia maumivu. Mwenzangu alipofika nilimwambia niko sawa, nikasimama na kuteremka kwa miguu nikiubeba ubao. Nilikuwa naona aibu zaidi ya kitu kingine chochote.

Aliyenisaidia ni dada mmoja wa Kisumu, muuguzi, ambaye alinipigia simu usiku ule kwa jambo jingine kabisa. Nilimsimulia kisa changu kama kichekesho. Hakucheka. Aliniuliza kama kichwa kinauma zaidi kuliko saa moja iliyopita, kama nimetapika, na kama kuna mtu nyumbani. Kisha akaniuliza kama namjua Natasha Richardson, yule mwigizaji Mwingereza. Machi 2009 mama huyo alikuwa akijifunza ski kwenye mteremko wa wanaoanza huko Mont Tremblant, Quebec, nchini Kanada, bila helmeti. Alianguka, akasimama, akasema hana tatizo, hata gari la wagonjwa lililokuja likarudishwa. Muda si mrefu kichwa kikaanza kuuma, na siku mbili baada ya anguko lile alikuwa amefariki dunia. Damu ilikuwa imevuja kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo, ikakusanyika pole pole na kuugandamiza. "Dada, wewe umeniambia uko sawa," alisema, "na yeye alisema hivyohivyo. Usilale peke yako. Piga 116117 sasa hivi, na ukianza kutapika au ulimi ukiwa mzito usipige huko tena, piga 113."

Nilipiga. Namba hiyo ya kwanza ni ya daktari wa zamu, ya pili ni ya gari la wagonjwa. Nilipiga ile ya kwanza, na waliniambia niende. Nililazwa kwa uangalizi usiku mzima, nikiamshwa kila baada ya muda na kuulizwa jina langu, tarehe na mahali nilipo, nikamulikwa tochi machoni na kuambiwa nibane vidole vya mtu. Damu haikuwa imevuja. Ulikuwa mtikisiko wa ubongo, na daktari alisema neno hilo kwa utulivu ulionifanya nidhani ni jambo dogo. Wiki tatu zilizofuata sikuweza kusoma ukurasa mmoja mpaka mwisho. Mwanga wa simu ulinichoma. Nilisahau chungu jikoni mara mbili, na siku moja nilisimama kituo cha basi nikiwa sikumbuki ninakwenda au ninarudi. Binti yangu alianza kunong'ona nyumbani bila kuambiwa na mtu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kichwa.

Nilipopata nafuu nilirudi kuitazama helmeti kwa macho ya mtu anayetaka kujua kitu kinafanyaje kazi. Ganda la nje ni gumu. Kazi yake ni kusambaza pigo na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye. Kazi kubwa zaidi hufanywa na lile povu jeupe jepesi lililo ndani, la jamii ileile inayowekwa kwenye maboksi ya televisheni. Kichwa kinapogonga, povu hubonyea, na katika kubonyea huko huurefusha muda ambao kichwa kinatumia kusimama. Ni muda mdogo mno, lakini ubongo unauhitaji. Povu likishabonyea halirudi. Ndiyo maana helmeti iliyopata pigo kubwa haitumiki tena hata kama kwa nje inang'aa, na ndiyo maana mimi sinunui helmeti ya mtumba, ingawa karibu kila kitu kingine nyumbani kwangu ni cha mtumba. Aina nyingine zina utando mwembamba ndani unaoliruhusu ganda kuteleza kidogo, milimita 10 hadi 15, kichwa kinapopigwa kwa mshazari, kwa kuwa ubongo huumia sana unapozungushwa. Ubunifu huo ulitoka Stockholm, Sweden, na huuzwa kwa jina la MIPS. Ulaya, helmeti ya ski inayouzwa kihalali huandikwa ndani alama ya EN 1077, yaani kiwango cha Ulaya cha helmeti za ski. Helmeti ya baiskeli haihesabiki hapa, na ya bodaboda, kwa uzito wake, itakuchosha shingo kabla ya saa sita mchana.

Mambo yote hayo yanategemea kitu kimoja ambacho nilikuwa nimekiharibu mwenyewe: povu lazima ligusane na kichwa kila upande. Niliweka fundo la nywele katikati. Hapa nataka kusema waziwazi kwa dada zangu, kwa sababu maelekezo yote niliyoyasoma yaliandikwa kana kwamba kila mtu duniani ana nywele laini zinazolala. Nywele zetu si kisingizio cha kijinga. Ni sababu halisi ya helmeti kutokaa, na anayelipuuza jambo hilo hatufundishi kitu. Niliyoyajaribu msimu hadi msimu ni haya. Twende kilioni, zikiwa zimesukwa nyembamba na kulala kurudi nyuma, hukaa vizuri kuliko mtindo mwingine wowote. Rasta ndefu zinafaa, ila zifungwe chini kabisa kwenye shingo, chini ya mstari wa helmeti, na kutoka hapo zitumbukizwe ndani ya koti, maana zikiachwa nje zinaweza kunaswa na lifti ya viti. Afro fupi hubonyea bila shida. Wigi nalivua na kuliacha garini. Kitambaa cha hariri tunachovaa kulinda nywele ni kizuri usiku, lakini chini ya helmeti huteleza kama sabuni. Mimi huvaa kofia nyembamba ya pamba, na wanaovaa hijabu niliowaona mlimani hutumia ile ya kubana ya michezo, isiyo na pini wala mikunjo. Mwaka huu nimesuka, mwakani nimenyoa: kipimo ni kingine. Kwa hiyo naenda dukani na kichwa nitakachokwenda nacho mlimani, na kama nimebadilisha mtindo nakikaza au kulegeza kile kigurudumu kilicho nyuma ya helmeti kabla ya kutoka nyumbani, halafu natikisa kichwa mkanda ukiwa haujafungwa. Helmeti ikibaki mahali pake, vidole viwili vikitosha kati ya ukingo wake na nyusi, ndipo nafunga mkanda. Miwani ya theluji ikiacha upenyo wa paji la uso unaopigwa na upepo, najua helmeti imekaa nyuma mno.

Mwenzangu yule wa kazini, aliyenipa ubao, ni mtu wa ubishi mzuri. Aliniambia Michael Schumacher alikuwa amevaa helmeti. Ni kweli. Tarehe 29 Desemba 2013, huko Méribel katika milima ya Alps ya Ufaransa, bingwa huyo mara saba wa mbio za Formula One alikuwa nje kidogo ya njia zilizoandaliwa, akaanguka na kugonga mwamba kwa kichwa, na helmeti ikavunjika. Lakini madaktari wa Grenoble waliompasua walisema kwamba bila helmeti asingefika hospitali akiwa hai. Hiyo ndiyo hoja, na inakata pande zote mbili. Kipimo cha EN 1077 huiangusha helmeti kwa kasi isiyofika kilomita 20 kwa saa, wakati mtu wa kawaida anayejiamini kwenye mteremko mwekundu, ule wa waliokwisha kuzoea, huenda mara mbili ya hapo bila kujua. Anayegonga mti kwa kasi hiyo ameiomba helmeti kazi ambayo haikuundiwa. Mimi nilianguka nikiwa nakaribia kusimama, kwa kasi ya kichwa kinachotoka kimo cha mtu kwenda chini, na hiyo ni kazi ambayo iliundiwa hasa, kama ningeiacha ifike mahali pake.

Kuna utafiti uliofanyika hapahapa Norwei, kwenye vituo vinane vya ski, majira ya baridi ya mwaka 2002, ukachapishwa 2006 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Watafiti waliwachukua majeruhi zaidi ya 3,000 na kuwalinganisha na watu ambao hawakuumia, wakaona kwamba kuvaa helmeti kuliendana na kupungua kwa asilimia 60 kwa hatari ya kuumia kichwa. Mwenzangu aliusoma nilipompa, akanirudishia na kusema kwamba asilimia 40 iliyobaki ndiyo inayomtia wasiwasi. Sikuona cha kumbishia. Tangu hapo anateremka taratibu kuliko zamani, na bado anasema ni kwa sababu ya magoti.

Februari 2023 mtoto wa dada yangu alikuja kututembelea kutoka Dar es Salaam, na kwa kuwa hakuna mgeni anayekuja huku bila kutaka picha kwenye theluji, tulikwenda kibanda kilekile. Alikuwa amesuka mwishoni mwa wiki aliyosafiri, rasta ndefu za kahawia, na alikuwa amezikusanya utosini kwa fundo zuri mno, zuri kuliko langu la 2019. Kijana wa zamu hiyo alikuwa mwingine. Alimpima, akaleta helmeti, ikagoma, akageuka kutafuta iliyo kubwa zaidi.

"Mama mdogo, usiniambie nifumue," alisema mpwa wangu kabla sijafungua mdomo. "Nimelipa elfu sabini."

Nilimwambia hatufumui, tunashusha. Tukakaa kwenye benchi la kuvalia viatu, yeye chini kati ya magoti yangu kama tunavyokaa barazani, na watu wakitupita na mabuti yao mazito yanayogonga sakafu. Nilifungua fundo, nikazigawa rasta mafungu mawili, nikazifunga chini ya shingo na kuzitumbukiza ndani ya koti lake. Ilichukua dakika kumi hivi. Binti yangu, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa na hana subira na waanzaji, alisimama mbele yetu ameshavaa kila kitu na kumshikia binamu yake ile helmeti ndogo iliyokataliwa mwanzo.

"Tikisa kichwa," alimwambia kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kinorwei. Akatikisa. "Nguvu zaidi." Akatikisa tena, helmeti haikusogea, na tukatoka kwenda kupanga foleni ya lifti.